Nyumba ya kupanga Kigamboni ukiwa na mbwa na paka wawili: uchambuzi wa kisa kimoja

Huyu dada alikuwa anatafuta nyumba ya vyumba viwili au vitatu, kodi isizidi laki tatu na nusu kwa mwezi, na mkononi alikuwa na milioni mbili za kila kitu, yani kodi, dalali, gari la kuhamishia na vitu vidogo vidogo vya kuanzia. Yeye muuguzi, mume wake dereva wa malori ya Zambia na Kongo kwahiyo wiki nyingi hayupo nyumbani, watoto wawili wapo shule ya msingi. Mpaka hapo ni mteja wa kawaida kabisa, wa aina yake tunawapata kila siku huku Kigamboni. Kilichomzungusha mji mzima ni mstari wa mwisho wa meseji yake: "Nina mbwa mmoja mkubwa na paka wawili, naenda nao."

Mimi kazi yangu ni udalali wa nyumba za kupanga, na nimeamua kukiandika kisa chote mwanzo mpaka mwisho kwasababu watu wenye wanyama wanazidi kuwa wengi hapa Dar na wengi wao wanaishia ama kumtelekeza mnyama ama kumdanganya mwenye nyumba, na yote mawili yana machungu yake. Majina na vitu vya kumtambulisha mtu nimeviacha.

Kwanza muelewe kwanini hakutaka kumuacha huyo mbwa. Walikuwa wanaishi Sinza kwenye nyumba ya baba yao, mzee akafariki, mirathi ikafunguliwa, ndugu wakakubaliana nyumba iuzwe kila mtu apate chake, hakukuwa na ugomvi wowote. Ila mbwa alikuwa wa mzee. Jike, mchanganyiko wa Jemani na mbwa wetu wa kienyeji, miaka saba, mzee alimlea tangu kadogo na siku zake za mwisho za ugonjwa mbwa alikuwa analala mlangoni kwake hatoki. Ndugu mmoja akasema apelekwe shamba Mkuranga, mwingine akasema atafutwe mtu wa kumchoma sindano yaishe. Dada akagoma. Aliniambia, "Kaka, vitu vyote vya baba tumegawana, huyu hagawanyiki, niache nae." Baada ya maneno hayo sikumuuliza tena kama yuko tayari kumuacha, na nawashauri madalali wenzangu msiulize hilo swali mara ya pili, mtu akishakwambia anaenda na mnyama wake chukulia kwamba ni mtu wa tano kwenye familia ile.

Alianza kutafuta kulekule alikozoea, Sinza, Kijitonyama, Mwenge, akashuka mpaka Mwananyamala. Kwa bei yake kule utakuta nyumba za namna mbili. Kuna apatimenti za ghorofa, korido moja, ngazi moja, mlango unatazamana na mlango wa jirani. Alafu kuna zile nyumba ambazo wapangaji mnachangia uwanja, bomba moja, kamba za kuanikia zinapishana, watoto wote wanacheza hapohapo uani, na wakati mwingine hata LUKU ni moja mnachangishana. Mbwa mkubwa kwenye uwanja wa namna hiyo atakaa wapi? Ukimfungia ndani atabweka mchana kutwa wewe uko kazini, ukimfunga nje kwenye mnyororo kila anayeenda bombani anapita mbele yake. Paka hawakuwa na shida popote, tena wengine walifurahi maana panya wa Mwananyamala wanajulikana. Kila alipoambiwa hapana, ni kwasababu ya mbwa.

Na pesa ilikuwa inamtoka. Kule kila dalali anataka sevisi chaji yake kabla ya kukuonyesha nyumba, hairudi hata kama nyumba imekukataa. Alikuwa analipa, anaenda, anasalimiana na mwenye nyumba, wanapatana bei, mwishoni ndo anasema habari ya mbwa na mazungumzo yanafia hapohapo. Kwa maoni yangu dalali anayejua mteja ana mbwa na bado anachukua hela ya kumpeleka kwenye nyumba ya wapangaji sita anamuibia. Simu moja ya dakika mbili ingetosha kuuliza. Na wewe mwenye mnyama, jambo la mbwa lisikae mwishoni, litangulize kabla hujatoa hata shilingi moja.

Kuna dalali mmoja akampa wazo ambalo nalisikia sana, akamwambia lipa kodi ya miezi sita kwanza, hamia, mbwa mlete usiku baada ya wiki, mwenye nyumba akishakula hela atafanya nini. Hapa nataka nikae kidogo maana watu wengi wanafuata huu ushauri wakidhani ni ujanja. Tanzania hakuna sheria maalum inayosema mpangaji ana haki ya kukaa na mbwa, na sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa mwaka 2005, kwahiyo kinachowaongoza nyie wawili kwa sehemu kubwa ni mkataba wenu. Kama mkataba umekataza wanyama na wewe umemuingiza usiku, wewe ndo umevunja mkataba. Mwenye nyumba akikupa notisi utakuwa unambembeleza akurudishie kodi iliyobaki, na kwa uzoefu wangu kodi ikishaliwa kuirudisha ni kazi kweli. Kama mkataba uko kimya haujasema chochote, hapo napo ni mvutano, na mvutano mtu anaishi nao kila siku getini. Alafu fikiria mnyama mwenyewe, unamfundisha asibweke, unamficha chumbani, hatoki kujisaidia mpaka usiku. Mbwa wa hivyo ndani ya mwezi anakuwa mkali ambaye hakuwa mkali. Dada alikataa, akasema hawezi kuwafundisha watoto wake kuishi kwa kujificha.

Nilipoichukua hii kazi nilimwambia tubadilishe tunachotafuta. Tuache kutafuta vyumba, tutafute uwanja, maana vyumba vitatu viko kila mahali lakini uwanja ambao ni wako peke yako, fensi yako, geti lako, mita yako ya umeme, huo kwa laki tatu hauupati mjini, unaupata pembezoni. Na nilikuwa nauliza kwenye simu vitu vitatu tu kabla hatujaenda kuona: ndani ya fensi anaishi nani mwingine, geti linafunguliwa na nani, na mwenye nyumba mwenyewe anaishi wapi. Hilo la tatu watu hawaliulizi kabisa, na kwenye kisa hiki ndilo lililotuokoa.

Kigamboni kwa jambo hili pana faida zake. Daraja la Nyerere limefunguliwa Aprili 2016 na tangu hapo mtu hategemei pantoni peke yake kuvuka kwenda kazini. Na baadhi ya maeneo, Kibada, Kisota, Gezaulole, yalipimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 uliozinduliwa 2002, kwahiyo viwanja vimenyooka, kila mtu na mpaka wake, barabara inajulikana. Ukilinganisha na maeneo ambayo hayajapimwa, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, utaona kwanini mwenye mbwa anapumua huku. Kiwanja kilichopimwa mbwa anakaa kwenye kona yake na jirani hata hamuoni.

Nyumba niliyompeleka mwanzo ilikuwa Mjimwema. Nzuri sana, bei ilikuwa inafika, bahari unaisikia usiku. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, hajjat, anaishi nyumba ya mbele, ya nyuma ndo anapangisha. Kwenye simu alisema "mnyama mnyama gani, njooni tuongee." Tukafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Watoto wazima?"

"Wazima mama. Mama, mimi nina paka wawili, na nina mbwa, mbwa wa marehemu baba."

Mama akanyamaza kidogo, akampa pole ya msiba kwanza, akamuuliza baba alifariki lini, akamuombea. Alafu akasema, "Mwanangu, paka lete hata kumi. Mbwa siwezi. Hapa barazani jioni watoto wa mtaa wanakuja kusoma Kurani, mimi udhu wangu natia hapo nje. Usinione mbaya."

Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kilichorambwa kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo, nguo vilevile. Paka hana tatizo hilo, ndo maana unamkuta mpaka msikitini. Ni kweli mbwa wa ulinzi na wa mifugo wameruhusiwa, na Wamaliki wana msimamo mwingine kuhusu hiyo najisi, na nimeshaona mteja akianza kumsomesha mwenye nyumba fiqhi, yani sheria za dini, getini kwake. Usifanye hivyo. Yule mama uwanja ni mmoja, mbwa akizunguka pale yeye kila swala ana wasiwasi na nguo yake. Jibu lake lilikuwa kamili na la heshima, hakuna kitu cha kujadiliana pale. Dada alimshukuru, tukanywa maji tukaondoka, na yule mama ndo baadae alikuja kuniunganisha na watu wengine wawili wenye nyumba. Tungekuwa tumebishana nae tusingeyapata hayo.

Nyumba nyingine ilikuwa Kisota, apatimenti nne ndani ya fensi moja, kila moja na mlango wake na LUKU yake, uwanja mnachangia ila ni mkubwa. Mwenye nyumba alikubali kabisa, anapenda mbwa, kwake ana wawili. Wapangaji ndo walikataa. Mmoja wao mtoto wake aliwahi kung'atwa na mbwa wa mtaani, wakahangaika na sindano za kichaa cha mbwa, na tangu hapo mtoto akiona mbwa anatetemeka. Mama wa mtoto hakupiga kelele, alisema tu kwamba wakija hawa yeye anahama.

Mwenye nyumba akanivuta pembeni, akaniambia, "Mdogo wangu, nyumba nne kila moja laki mbili na nusu, mwezi napata milioni. Huyu ananiletea laki mbili na nusu, akiwakimbiza hao watatu nimepoteza laki saba na nusu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ningefanya kama yeye. Watu wanaona wenye nyumba ndo wanakataa mbwa, lakini kwenye nyumba ya kuchangia hata mwenye nyumba akikubali bado kura iko kwa wapangaji waliotangulia, na wana haki, wao ndo watakaokuwa wanapishana na mbwa saa kumi na moja alfajiri wakienda kazini.

Na hofu ya kichaa cha mbwa msiichukulie kama ushamba. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na asilimia 99 ya binadamu wanaoupata wameupata kwa mbwa. Kinga ipo na ni rahisi, mbwa anachanjwa kuanzia akiwa na miezi mitatu na anarudiwa kila mwaka, paka pia wanachanjwa. Mtu aking'atwa jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 alafu aende hospitali siku hiyohiyo asisubiri kuona kama mbwa ataumwa. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi maafisa mifugo wanatangaza chanjo kwenye kata, fuatilieni. Dada alikuwa na kadi ya chanjo ya mzee, mzee alikuwa mtu wa kutunza karatasi, lakini mwaka wa ugonjwa chanjo ilirukwa. Nikamwambia hii ndo kazi ya kwanza, kabla hatujaona nyumba nyingine yoyote. Akamuita daktari wa mifugo, mbwa akachanjwa, paka wakachanjwa, kadi ikagongwa muhuri. Hiyo kadi ilikuja kufanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote.

Pia palikuwa na bwana mmoja ambaye alikubali haraka haraka, akasema mbwa hamna shida ila kodi itapanda kwa laki moja kila mwezi na haandiki popote, tuaminiane. Hapo nilisema hapana mimi mwenyewe hata kabla dada hajajibu. Mtu anayetaka ulipie ruhusa lakini hataki kuiandika, siku mkikosana ruhusa haipo na laki zako zimeenda.

Sasa tuje kwenye nyumba iliyopatikana. Iko Kibada, vyumba vitatu kimoja master, sebule kubwa, kiwanja kimezungushiwa fensi ya matofali pande tatu na upande wa nyuma michongoma tu. Nyumba ilikuwa tupu muda mrefu. Mwenye nyumba ni mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma, mnakumbuka serikali ilivyotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi waliacha nyumba zao huku, wengine hata hawajamalizia kuzijenga. Huyu alikuwa amemaliza yake na kuihama. Mpangaji wa kwanza aliondoka, na nyumba ilipokaa tupu wezi wakawa wanaingia kwa nyuma, wakachukua pampu ya kisima, wakang'oa nyaya, wakavunja kioo cha jiko. Akaweka mlinzi, mlinzi analala. Kila akipigiwa simu kutoka Kigamboni moyo unamruka anajua kimeibiwa kingine.

Kwenye matangazo aliandika "mpangaji asiwe na mifugo". Madalali wote wakawa wanaipita hii nyumba kwa watu wenye wanyama. Mimi nilipojua anaishi Dodoma na nyumba imeshaibiwa nilimpigia nikamuuliza mifugo anaogopa ipi, akasema mpangaji wa kwanza alifuga kuku wa kisasa kwenye stoo, harufu ikaingia ukutani, majirani wakamlalamikia yeye mpaka Dodoma. Mbwa hakumuwaza kabisa. Nikamwambia ninae mteja muuguzi, familia tulivu, wana mbwa mkubwa wa ulinzi amechanjwa, anaishi nje. Akakaa kimya alafu akauliza, "Anabweka akiona mtu usiku?" Nikasema anabweka. Akasema, "Nitumie picha yake."

Tukamtumia kwa WhatsApp picha ya mbwa amesimama na watoto, picha ya kadi ya chanjo, na ujumbe mfupi dada aliuandika mwenyewe akieleza ni mbwa wa marehemu baba yake na kwanini anaenda nae. Yule bwana alipiga simu jioni ileile. Kwa karibu wenye nyumba wote tuliowaona mbwa alikuwa mzigo, kwa huyu mmoja alikuwa mlinzi ambaye halipwi mshahara. Ndo maana nasema swali la mwenye nyumba anaishi wapi ni la muhimu. Mwenye nyumba aliye mbali, mwenye nyumba iliyokaa tupu, mwenye nyumba pembeni ya pori au kwenye mtaa ambao bado haujajaa, hao watafuteni, kwao mbwa wako ana thamani.

Bei alikuwa anataka laki tatu na nusu kwa miezi sita, milioni mbili na laki moja, ukiongeza mwezi mmoja wa dalali inafika milioni mbili na laki nne na nusu. Dada hana. Hapa tulijadiliana kwa kutumia mlinzi. Nikamuuliza mwenye nyumba, huyo mlinzi unamlipa shilingi ngapi, na je huyu akihamia utaendelea nae? Akaona mwenyewe. Tukamaliza kwenye laki tatu, kuanzia miezi minne yani milioni moja na laki mbili, baada ya hapo atalipa miezi sita sita. Dhamana ya uharibifu laki na nusu, inarudishwa siku ya kutoka kama milango na bustani viko salama. Na laki tatu ya dalali. Jumla milioni moja, laki sita na nusu, ikabaki laki tatu na nusu ya fensi na kuhama. Kuna watu waliniambia dhamana haikuwa ya lazima kwasababu ya huo ulinzi, mimi naona ilikuwa sahihi, ilimpa yule bwana usingizi na haikuwa hela iliyopotea, ipo imeandikwa.

Mkataba tuliuandika upya, tukaacha ule wa kununua stashenari ambao una mistari ya kujaza tu. Kuhusu wanyama tuliandika hivi: mpangaji anaruhusiwa kukaa na mbwa mmoja na paka wawili, wachanjwe kila mwaka na nakala ya kadi itumwe kwa mwenye nyumba, mbwa asitoke nje ya geti bila kamba na mtu mzima, uchafu wake ufukiwe au utolewe kila siku, kuku na mifugo mingine hairuhusiwi, mpangaji akihama atatengeneza kilichokwaruzwa. Na kwa upande wa pili tukaandika kwamba mwenye nyumba hataondoa ruhusa hii katikati ya muda uliolipiwa isipokuwa mbwa ameng'ata mtu ndani ya mtaa au mpangaji amekiuka chanjo. Hicho kipengele cha mwisho watu wanakisahau, wanaandika masharti ya mpangaji tu, siku mwenye nyumba akibadilika hakuna kinachomshika. Nakala mbili, wakasaini, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia.

Mwenye nyumba aliomba kitu kimoja ambacho tulikataa, alitaka mbwa awe amefungwa mnyororo mchana kutwa. Dada alimjibu kwa upole kwamba mbwa anayefungwa kutwa anakuwa na hasira, na kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, mwenye mnyama hatakiwi kumtesa. Tukakubaliana tuzibe upande wa michongoma kwa waya ili mbwa azunguke bila kutoka. Waya, nguzo na fundi ilikuwa laki moja na elfu themanini, nusu akaibeba mwenye nyumba kwa kuikata kwenye kodi ya awamu ya pili, na hilo nalo liliandikwa.

Kuhama. Vyombo vilienda na kirikuu, na mbwa alipanda safari ya mwisho na mume wa dada ambaye bahati nzuri alikuwa amerudi, wakapita darajani. Nilishauri wasipite na mbwa kwenye pantoni, umati ule, honi, watu wamebanana, mbwa ambaye hajawahi kutoka Sinza anaweza kuchanganyikiwa akamdhuru mtu. Paka walipelekwa kwenye matenga yaliyofunikwa kanga, na walifungiwa chumba kimoja kwa wiki kadhaa na mchanga wao na maji yao. Hili lifuateni jamani, paka ukimuachia siku ya kwanza anatoka kurudi alikozaliwa, na kutoka Kibada kurudi Sinza kuna maji katikati, hafiki.

Kabla hajalala usiku wa kwanza dada alizunguka nyumba za jirani na watoto wake kujitambulisha, na alisema mwenyewe ana mbwa, ndani ya fensi, amechanjwa, namba yangu hii mkiona ametoka nipigieni. Jirani mmoja mzee akamwambia afadhali, wezi wametusumbua sana mtaa huu.

Matatizo yalikuwepo. Wiki za mwanzo mbwa alikuwa anabweka usiku kucha, kila bodaboda ikipita, maana mtaa ulikuwa mgeni kwake. Jirani wa kulia akalalamika, na haki yake. Walihamisha kibanda kutoka karibu na geti wakakiweka nyuma ya jiko ambapo haoni barabara, na dada au mume wake wakawa wanamzungusha mtaani alfajiri kwa kamba ili aizoee sauti na harufu ya mahali. Kelele zikapungua sana, hazikuisha. Alafu kuku wa jirani wa nyuma walikuwa wanapenya kwenye waya, mbwa akamkamata mmoja. Dada alilipa kuku siku hiyohiyo bila kubishana kwamba kuku ndo aliyevuka mpaka, akaongeza waya wa chini. Kisheria labda angeweza kubisha, lakini mtaa mgeni na mbwa mgeni, kuku mmoja ni bei ndogo sana ya kununua amani na jirani.

Gharama ambayo mahesabu yetu hayakuionyesha vizuri ni usafiri. Kutoka Sinza alikuwa anafika kazini kwa daladala moja, sasa ni bajaji mpaka stendi, daladala, na zamu za usiku anatoka nyumbani mapema sana. Watoto walibadilisha shule. Ukipiga hesabu, punguzo la kodi karibu lote limeingia kwenye nauli. Nilimuuliza kama anajutia, akasema hapana, ila angependa mtu amwambie mapema, ndo maana naandika. Mwenye mnyama anayetoka mjini kwenda pembezoni aweke nauli ya miezi mitatu kwenye bajeti yake sawa na kodi.

Awamu ya pili ya kodi imelipwa, ile nusu ya waya imekatwa kama tulivyoandika. Pampu mpya ya kisima ipo, haijaguswa. Mwenye nyumba ametoa yale maneno ya mifugo kwenye tangazo analotuma kwa nyumba yake nyingine ya Gezaulole, sasa ameandika mbwa wa ulinzi anakubalika, kuku hapana. Na kwenye mkataba wa awamu hii dada aliomba neno moja liongezwe, kwasababu mbwa umri unasogea na daktari amemshauri achukue kitoto mapema kijifunze kwa huyu mkubwa akiwa bado ana nguvu. Mkataba ulikuwa unasema mbwa mmoja. Sasa unasema mbwa mmoja, na kitoto kimoja cha kuchukua nafasi yake, kichanjwe kikifika miezi mitatu.